Mali bila daftari: maswali 14 ambayo kila mtu wa Pwani afaa kuyajibu

Kila ukifika mwezi wa Ramadhani vijana wa mtaani kwetu hunipa kazi moja: niwatungie maswali ya chemshabongo ya baada ya tarawehe. Kazi hii nimeifanya miaka kadhaa sasa, na kuna jambo hujirudia kila mwaka. Uliza nani alichukua Kombe la Dunia 1998, mikono yote yapanda juu. Uliza nani mwenye Facebook, jibu latoka kabla hujamaliza swali. Uliza thumuni ni thumuni ya kitu gani, utasikia kimya.

Siwalaumu vijana. Shuleni hawakufundishwa, na wazee waliokuwa wakiyazungumza barazani wanazidi kupungua. Lakini nisemalo ni kwamba maarifa haya si ya kushindia zawadi ya jagi na thamosi tu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi wa Pwani tumepoteza ardhi, majina na hata nguo kwa sababu mwengine aliandika kwanza. Kwa hivyo nimekusanya maswali 14 na majibu yake, ya historia, biashara na burudani. Yasome, uyakate, uwaulize watoto nyumbani.

HISTORIA

1. Ibn Battuta alikuta watu wa Mombasa wakila nini?

Ndizi na samaki. Msafiri huyu wa Tangier, Morocco, alipita hapa mwaka 1331 akielekea Kilwa. Aliandika kwamba kisiwa hakikuwa na nafaka yake, ilikuwa ikiletwa kutoka bara ya pwani, na kwamba misikiti ilijengwa kwa mbao na ilikuwa madhubuti. Alitaja pia tunda tamu linalofanana na zaituni, akaliita jammun. Hilo ni zambarau letu, na Wahindi hadi leo huliita jamun.

2. Mnyama gani alisafiri kutoka Malindi hadi Uchina?

Twiga. Mwaka 1415 twiga aliyetoka Malindi alifikishwa kwa mfalme Yongle wa Uchina. Zilikuwa zama za misafara mikubwa ya baharini ya amiri jeshi Zheng He. Wachina walimfananisha na qilin, mnyama wa baraka katika hadithi zao. Basi Malindi ilikuwa ikifanya biashara na Uchina miaka zaidi ya 80 kabla ya Mreno wa kwanza kuiona.

3. Nani alimwongoza Vasco da Gama kutoka Malindi hadi India?

Hapa wengi hujibu haraka: Ahmad ibn Majid. Hadithi hiyo ilienea mno, lakini wanahistoria wengi wa leo hawaikubali. Habari za Wareno wenyewe zamtaja rubani wa Kigujarati aliyepewa na mfalme wa Malindi. Ibn Majid alikuwa bingwa wa elimu ya bahari na ameacha vitabu, lakini hapana ushahidi wa kutosha kwamba yeye ndiye aliyepanda jahazi lile.

Sehemu tamu ya habari hii ni hesabu ya siku. Da Gama aliondoka Malindi tarehe 24 Aprili 1498, msimu wa kusi ukianza, na tarehe 20 Mei alikuwa ameshafika pwani ya Calicut. Aliporudi hakusubiri kaskazi, akang'oa nanga mapema Oktoba. Safari ile ile ilimchukua takriban miezi mitatu, na mabaharia wengi wakafa njiani. Alipofika kwetu ilibidi aichome moto meli yake moja, São Rafael, kwa sababu hakubakiwa na watu wa kutosha kuiendesha. Kila nahodha wa jahazi wa Lamu angalimwambia.

4. Ngome ya Mombasa ilichorwa na Mreno?

La. Iliamriwa na Wareno, lakini aliyeichora ni Mtaliano wa Milan, Giovanni Battista Cairati. Ujenzi ulianza 1593. Mwaka 1631 Yusuf bin Hasan, mtoto wa kifalme wa hapa aliyelelewa Goa na kubatizwa kwa jina la Jerónimo Chingulia, aliwageukia Wareno akaiteka. Waomani waliizingira kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698, karibu miezi 33. Waingereza wakaifanya jela kutoka 1895 hadi 1958. UNESCO iliitia katika turathi za dunia mwaka 2011.

5. Mwambao ulikuwa wa nani mpaka 1963?

Swali hili ndilo ningependa kila mtu alijibu bila kusitasita, kwa hiyo nitalieleza kwa urefu.

Kisheria, ukanda wa maili 10 kutoka baharini ulikuwa wa Sultani wa Zanzibar. Mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya 1886 yaliupima ukanda huo, na upande wetu ulikuwa kutoka mto Umba, kule Vanga, hadi Kipini, pamoja na visiwa vya Lamu. Tarehe 14 Desemba 1895 Sultani Hamid bin Thuwaini aliwakabidhi Waingereza usimamizi wake kwa kodi ya kila mwaka. Waingereza walisimamia, hawakununua. Ndiyo maana, bara ilipofanywa koloni mwaka 1920, Pwani ilibaki kuitwa himaya, na jina rasmi la nchi likawa la vichwa viwili: Koloni na Himaya ya Kenya. Bendera nyekundu ya Sultani iliendelea kupepea juu ya Ngome hadi 1963.

Uhuru ulipokaribia, Sir James Robertson alitumwa 1961 kuchunguza mustakabali wa Mwambao. Wako waliotaka kujitenga, wako waliotaka kuungana na Kenya. Mwisho, tarehe 5 Oktoba 1963, Waziri Mkuu wa Kenya Jomo Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar Mohammed Shamte walibadilishana barua. Siku tatu baadaye mkataba ukatiwa saini London, na Mwambao ukaingia Kenya pamoja na uhuru wa tarehe 12 Desemba.

Barua zile zilikuwa na ahadi tano: uhuru wa kuabudu, mahakama za kadhi zibaki, maafisa wa utawala katika sehemu zenye Waislamu wengi wawe Waislamu kadiri iwezekanavyo, watoto wa Kiislamu wafundishwe Kiarabu, na hati za ardhi zilizokwisha kusajiliwa ziheshimiwe.

Yasome tena maneno ya ahadi ya mwisho: zilizokwisha kusajiliwa. Mwaka 1908 Waingereza walikuwa wamepitisha sheria ya hati za ardhi ya Pwani. Mwenye shamba alitakiwa aende adai na athibitishe. Ardhi isiyodaiwa ilihesabiwa kuwa ya serikali. Wenye wakili, wenye kusoma na wenye habari walikwenda. Wengi waliokuwa wakilima kwa kurithiana, bila karatasi, hawakwenda. Kwa hivyo ahadi ya 1963 ilimlinda aliyeandikwa, na asiyeandikwa akabaki nje. Ukiona leo mtu aitwa skwota kwenye shamba lenye kaburi la babu wa babu yake, mzizi mmoja wa jambo hilo uko hapo.

Ahadi ya makadhi ndiyo iliyodumu waziwazi zaidi. Katiba ya 2010 imeiweka katika vifungu vya 169 na 170: ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu, pale ambapo wote wanaohusika ni Waislamu na wamekubali kupeleka kesi kwa kadhi.

6. Kiswahili Sanifu kilichaguliwa wapi?

Hapa hapa Mombasa, katika mkutano wa mwaka 1928. Kichekesho ni kwamba mkutano uliofanyika kwa Wamvita ulichagua Kiunguja. Mmishonari Krapf, aliyefika Mombasa 1844 na kuandika sarufi ya Kiswahili ya mwanzo kuchapishwa, alikuwa amejikita katika Kimvita. Kamati ya lugha iliundwa 1930 na kamusi ya Frederick Johnson ikatoka 1939. Mtoto wa Mombasa asemaye "ndoo" kwa maana ya njoo hakosei lugha. Asema lahaja ya Muyaka bin Haji, ambaye alikufa karibu miaka 90 kabla ya mkutano huo.

BIASHARA

7. Thumuni ni thumuni ya nini?

Thumuni, au sumni kama tulivyozoea kutamka, ni neno la Kiarabu lenye maana ya sehemu moja ya nane. Lakini senti 50 ni nusu ya shilingi. Vipi nusu ikaitwa thumuni?

Jibu liko katika reale, ile sarafu kubwa ya fedha yenye kichwa cha malkia Maria Theresa wa Austria, ambayo ilitumika pwani yote na ambayo hata ikipigwa upya huandikwa 1780. Reale moja ilikaribia rupia mbili. Mwaka 1920 rupia iligeuzwa florini, na 1921 ikaja shilingi, florini moja ikawa shilingi mbili. Basi reale ni kama shilingi nne, na sehemu moja ya nane ya shilingi nne ni senti 50. Sarafu iliondoka, hesabu yake ikabaki mdomoni mwa bibi zetu.

Neno pesa nalo ni paisa ya Wahindi. Seyyid Barghash wa Zanzibar alitoa pesa zake za shaba zenye mwaka 1299 Hijria, na kampuni ya Waingereza ya IBEA ikatoa zake mwaka 1888 zenye picha ya mizani na jina la Mombasa.

8. Jina M-Pesa lilikuwa mali ya nani?

Huduma ilianza Kenya tarehe 6 Machi 2007, na herufi M ni ya simu ya mkononi. Wengi hudhani jina lilikuwa la Safaricom tangu siku ya kwanza. Ukweli ni kwamba lilikuwa la Vodafone ya Uingereza, mpaka Aprili 2020 ambapo Safaricom na Vodacom ya Afrika Kusini walimaliza kulinunua. Yaani neno lililoingia kwetu na majahazi ya Wahindi, likazoeleka sokoni Mombasa na Lamu, ilibidi linunuliwe kutoka Uingereza baada ya kuwekewa herufi moja mbele.

9. Kwa nini twasema leso na wengine wasema kanga?

Leso ni lenço ya Wareno, kitambaa cha mkono. Yasemekana wanawake wa pwani walinunua vitambaa vya mkono vikiwa bado havijakatwa, wakaviunganisha viwe nguo moja pana. Kanga ni ndege yule mwenye madoadoa, kwa sababu nguo za mwanzo zilifanana na manyoya yake. Leso kamili ina pindo, mji na jina. Maneno yake yaliandikwa zamani kwa herufi za Kiarabu, kisha yakageuzwa ya Kizungu. Herufi K.H.E. na maneno "Mali ya Abdulla" ni alama ya duka la Kaderdina Hajee Essak la Mombasa, lililoanza 1887. Abdulla aliandika jina lake kwenye mali yake, na mpaka leo hapana anayemdai.

10. Shule gani ya Mombasa ilifumbua siri za Wajapani katika Vita vya Pili?

Allidina Visram. Mwaka 1942, baada ya Wajapani kupiga Colombo, manowari za Waingereza zilihamia Kilindini. Nyuma yao wakaja watu wa kufumbua maandishi ya siri, wakapewa majengo ya shule hiyo, nao walishirikiana na wenzao wa Bletchley Park, Uingereza. Septemba mwaka huo walifaulu kufumbua JN-40, msimbo wa meli za biashara za Japani. Allidina Visram mwenyewe alikuwa tajiri wa Kihindi kutoka Kutch, aliyefungua maduka kutoka pwani hadi Uganda. Alikufa 1916.

BURUDANI NA UTAMADUNI

11. "Hakuna matata" ni ya nani?

Fuata mwendo wake. Mwaka 1982 Them Mushrooms, bendi ya vijana wa Mombasa waliokuwa wakipigia watalii hotelini, walitoa wimbo wa Jambo Bwana, uliotungwa na Teddy Kalanda Harrison. Mwaka uliofuata Boney M. wa Ujerumani wakatoa wao. Mwaka 1994 Walt Disney wakaleta filamu ya The Lion King, na mwaka huo huo wakaomba kusajili maneno "Hakuna Matata" Marekani kuwa alama yao ya biashara ya nguo. Ombi lilikubaliwa 2003, na ghadhabu ilikuja kuwaka mwishoni mwa 2018, maelfu ya watu walipotia saini kupinga.

Tusikuze jambo: usajili ule hauwezi kukuzuia kusema neno, wala kuliandika kwenye leso ukauza Marikiti. Wahusu fulana na mavazi katika soko la Marekani. Lakini fundi wa hapa akitaka kupeleka fulana zake huko, atakuta mlango una mwenyewe. Na tangu ombi hadi ghadhabu ilipita miaka 24.

12. Kikoi je?

Hapa mambo yalikwenda vyema zaidi. Mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza iliomba kusajili neno "kikoy" kuwa alama yake ya biashara nchini mwake. Safari hii Wakenya walipata habari mapema, pingamizi likawekwa, na kufikia 2008 ombi likaachwa. Linganisha na swali lililotangulia. Tofauti ni kuwa kuna mtu alisoma tangazo kwa wakati, akajua kikoi ni nini na kimevaliwa na nani.

13. Ni maneno gani mengine ya Kiswahili yaliyotajirika ughaibuni?

Jenga, mchezo wa vipande vya mbao, ulitolewa London mwaka 1983 na Leslie Scott, Mwingereza aliyezaliwa Tanganyika na kukulia Afrika. Jina ni kitenzi chetu hicho hicho. Kwanzaa, sikukuu ya Wamarekani weusi ya tarehe 26 Desemba hadi 1 Januari, iliasisiwa 1966 na Maulana Karenga kutokana na "matunda ya kwanza". Herufi "a" moja iliongezwa ili neno liwe na herufi saba. Mwaka huo huo Luteni Uhura wa Star Trek, aliyeigizwa na Nichelle Nichols, alipata jina lake kutokana na uhuru. Na Safari ya Apple, ya kufungulia intaneti, ilitoka 2003.

14. Neno "runinga" lilitungwa na nani?

Na mtu wa kwetu: Sheikh Ahmed Nabhany, mwana wa Lamu aliyeishi Mombasa, mshairi na mtafiti, aliyefariki 2017. Alikuwa mtu wa kuchimba maneno ya lahaja zetu na kuyapa kazi mpya. Kompyuta aliiita ngamizi, nalo halikushika sana. Runinga lilishika, na leo watangazaji wa Nairobi walitumia kila siku bila kujua lilitoka wapi.

YA HARAKA HARAKA

Mji mkuu wa himaya ya Waingereza kabla ya Nairobi? Mombasa, hadi 1905.

Kwa nini reli iliyoishia Kisumu mwaka 1901 iliitwa Reli ya Uganda? Kwa sababu Kisumu wakati huo ilikuwa Uganda. Ilihamishiwa huku 1902.

Utendi wa Mwana Kupona ni wa mwaka gani? 1858, na alimtungia binti yake.

Mekatilili wa Menza aliongoza Wagiriama dhidi ya Waingereza lini? 1913.

Kenya ina turathi ngapi za dunia, na ngapi ni za Pwani? Nane, na nne ni zetu: Mji wa Kale wa Lamu (2001), misitu ya kaya (2008), Ngome ya Mombasa (2011) na Gedi (2024).

OMBI LANGU

Ukiyapitia majibu haya utaona kwamba penye karatasi haki ilisimama, na penye maneno matupu ikayumba. Makadhi wako kwa sababu barua iliandikwa. Kikoi kiko kwa sababu pingamizi liliandikwa. Mkulima asiyeandikwa 1908, wajukuu wake wangali wanahangaika kortini.

Basi kila nyumba ifanye matatu. Kwanza, kaa na mzee mmoja wiki hii, umrekodi kwa simu akitaja majina ya wazazi wake, ya viwanja na mipaka yake, na ya visima. Kisha yaandike na utie tarehe. Pili, kanda za kaseti za taarabu za akina Juma Bhalo na Zein l'Abdin zilizo kabatini zihamishwe kabla hazijaoza, na kila moja iandikwe mtunzi ni nani. Tatu, kama kuna kiwanja cha familia kisicho na hati, anzeni kuulizia ofisi ya ardhi mkiwa bado mnasikizana, si siku ya msiba.

Na wewe mwenye swali zuri la Pwani ambalo sikulitia, niletee pamoja na jibu lake na ushahidi wake. Ramadhani haiko mbali, na wale vijana wamenichoka kwa thumuni.